Funda la Kwanza

Dodoma, 6 Januari 1914

Kaka Yotham, shikamoo.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Jumamosi ile ya kabla ya Noeli. Ni funda moja la pombe likishuka kooni mwa mama. Uani palikuwa kimya kabisa, na funda lile lilisikika kama jiwe lililotupwa kisimani. Sijui kwa nini naanza na hilo. Nilikaa nikuandikie habari za mchuzi.

Mama atakuwa amekuambia kwamba alikuja hapa Dodoma. Sikumwita. Nilimtuma Hasani muuza chumvi aniletee kibuyu kimoja cha pombe nyeusi, basi. Bibi Hilda, mke wa yule bwana wa reli ninayempikia, alikuwa ameagiza kasha la bia nyeusi kutoka pwani kwa ajili ya Noeli. Kasha lilisahauliwa juani pale stesheni, chupa zikapasuka karibu zote. Bibi alilia kama mtu aliyefiwa. Kwao Udachi, mama yake huchoma mbavu za nyama juu ya makaa na kuzipaka mchuzi mzito uliopikwa kwa bia hiyo. Akasema bila bia nyeusi hakuna mchuzi, na bila mchuzi hakuna Noeli. Nikamwambia naweza kupata pombe nyeusi kwa watu wa Chamwino. Nilisema hivyo, kwa watu wa Chamwino.

Mchuzi wenyewe si mgumu. Unakaanga vitunguu katika samli mpaka viwe rangi ya udongo. Unatia nyanya zilizopondwa, siki kidogo, haradali ya Bibi inayotoka kwenye chupa, na asali. Bibi alitaka sukari, lakini asali ya kwetu ina moshi ndani yake, nikamshawishi. Niliongeza ukwaju bila kumwambia. Kisha unamimina pombe, unaacha ichemke polepole mpaka ipungue na kushika mwiko. Pombe ya mama ilifaa kuliko bia. Unajua anavyokaanga kimea cha uwele kwenye kigae mpaka kiwe cheusi, karibu kuungua lakini kisiungue. Ule uchungu mdogo unabaki nyuma ya ulimi, na nyama ikichomwa unageuka kuwa utamu.

Bibi alilamba mwiko akafumba macho. Mwambie mama pombe yake imependwa sana.

Kaka, mama alipofika nyumbani alisema lolote? Aliongea kama kawaida? Niandikie hata mistari miwili. Nauliza tu kwa sababu ya mvua, maana njia ilikuwa tope na alikataa kungoja.

Ndugu yako,
Yudith

*

Chamwino, 11 Januari 1914

Dada Yudith, marahaba, na salamu katika Bwana.

Nilifungua barua yako nikidhani nitakutana na aya za Biblia, kumbe nimekutana na vitunguu. Nimeisoma mara ya pili kwa njaa tu. Usiandike tena mambo ya mbavu mwezi huu, watu tunakula mboga za mlenda na kutazamana.

Unauliza mama mkubwa alisema lolote! Dada, hajanyamaza tangu arudi. Wanawake wa mtaa mzima wamekuja uani kusikia. Anasimulia jinsi ulivyotoka jikoni mbio ukampokea kibuyu, ukapiga magoti ukamwamkia mbele ya Mzungu bila haya. Ukampa kigoda cha miguu mitatu. Bibi Mzungu akatoka akauliza, "Huyu ni nani?" nawe ukasema, "Ni mama yangu, ndiye aliyenizaa na ndiye aliyepika." Mzungu akampa mkono. Kisha ukamkatia mbavu tatu zenye mchuzi, akala mpaka mafuta yakamtiririka kwenye viwiko. Hapo kwenye viwiko huwa anaonyesha, na wanawake wanapiga vigelegele.

Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeanza kukuogopa. Nilijisemea, Yudith sasa anavaa gauni, anasoma Kidachi, akimwona mama yake na kaniki yake ataingia uvunguni. Naomba radhi. Jumapili nilipofundisha watoto amri ya kuwaheshimu baba na mama, nilikutaja wewe kwa jina.

Mama Ruthu, yule anayemsema mama mkubwa kila siku kwamba alimsomesha binti akampoteza, amekuja kuomba radhi. Ameleta na kuku. Mama mkubwa amemla yule kuku kwa raha ambayo sijaiona miaka mingi.

Jambo moja tu. Nilimuuliza uwele wa kukaanga aliutoa wapi majira haya ya njaa. Aliingia ghalani, akakwangua chini kabisa, ule aliouweka wa kutuvusha mpaka mavuno. Usimwambie nimekuambia. Alisema mtoto hatumi mtu kuomba kitu kila siku.

Na pombe haikuletwa na Hasani kwa sababu unayoijua. Aliniambia, "Yotham, pombe inakwenda na aliyeipika. Nani ataonja mbele yao, Hasani? Wakidhani nimewatilia kitu?" Akajitwika, akaenda.

Hapa chini ni maneno yake mwenyewe, nayaandika anavyosema.

*Mwanangu Yudith. Mimi sijambo. Njia ilikuwa nzuri. Asante kwa nyama. Hasani anasema Mzungu wako anataka pombe nyingine, chungu kizima, kwa sikukuu ya Kaisari wao. Nitaipika. Kula vizuri. Mama yako, Tabu.*

Kalamu yangu,
Yotham

*

Dodoma, 15 Januari 1914

Kaka Yotham,

Usimsomee mama barua hii. Isome peke yako, kisha fanya nayo upendavyo.

Hakuna kigoda. Hakuna mbavu. Sikupiga magoti.

Mama aliingia uani kwa mlango wa nyuma, kaniki mpya, miguu ina tope mpaka magotini. Aliponiona alianza kucheka kabla hajanifikia, kile kicheko chake cha kufunika mdomo. Mimi niligeuka kutazama dirisha, nione kama Bibi ametuona. Hicho ndicho nilichofanya kwanza.

Alitua kibuyu, akachuchumaa, akamimina kwenye kata. Akanywa funda la kwanza, kama anavyofanya tangu nikiwa mtoto, mbele ya mgeni yeyote, aone kwamba pombe ni safi na moyo wa mpishi ni safi. Kisha akaifuta kata kwa kiganja na kuinyoosha kwa mikono miwili. Bibi alikuwa ametoka, amesimama mlangoni.

"Ee! Anakunywa! Yudith, huyu mwanamke anatia mdomo wake kwenye pombe yangu! Ni nani? Unamjua?"

Kaka, maneno yote nilikuwa nayo. Ningesema ni desturi yetu. Ningesema ni heshima, kwamba mtu akikuletea pombe bila kuonja ndiye wa kuogopwa. Nina Kiswahili cha kutosha kumweleza, na Kidachi cha kuongezea. Nikasema:

"Simjui, Bibi. Ni muuza pombe tu wa vijijini. Hana adabu."

Bibi aliuliza kama namjua. Hakuniuliza habari ya adabu. Hiyo niliiongeza mwenyewe.

Mama alibaki na mikono imenyooshwa kidogo. Kisha akaimwaga kata kando, pale penye majani, akaipangusa kwa pindo la kaniki, akaweka kibuyu karibu na mlango kwa uangalifu kisidondoke. Akatoka. Mvua ilikuwa inaanza. Sikumfuata. Nilijiambia hakuelewa, Kiswahili chake ni cha sokoni, atadhani nilikuwa nazungumza habari za jikoni. Nilijiambia hivyo siku nzima nikikoroga.

Bibi alisema tuichemshe sana ili mate yafe. Mchuzi ulipoiva akalamba mwiko, na machozi yakamtoka. "Kama wa mama yangu," akasema. "Kama wa mama yangu kabisa." Akanishika bega. Alikuwa anamlilia mama yake huku pombe ya mama yangu iko mdomoni mwake, nami nimesimama pale nashukuru.

Utauliza kwa nini. Padre anatafuta mwalimu wa wasichana kwa shule mpya, na jina langu liko mbele. Wanataka mtu aliyetoka nyumba isiyopika pombe. Aliponihoji nilisema kwetu hatupiki. Bibi naye ameahidi kunisemea. Nilipomwona mama na kibuyu kichwani sikumwona mama, niliona shule inaondoka. Hiyo ndiyo sababu, na nikiiandika inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa kichwani.

Sasa wewe umenitaja mbele ya watoto. Mama Ruthu ametoa kuku. Nilipofika pale penye mafuta ya viwiko niliiweka barua chini nikatoka nje. Mama ametunga binti mwingine, akamvika jina langu, na watu wanampigia vigelegele. Kutukanwa ningevumilia. Kusifiwa siwezi.

Niambie, kaka. Alielewa?

Yudith

*

Chamwino, 20 Januari 1914

Yudith,

Kiswahili cha sokoni!

Kabla wewe hujazaliwa, misafara ya pembe ilipokuwa inapita hapa, mama mkubwa aliwauzia pombe wapagazi wa pwani kambini kwao. Alizozana nao kwa Kiswahili, akawatania kwa Kiswahili, na mmoja alipokataa kulipa, mama mkubwa akamtukana kwa Kiswahili mpaka wenzake wakakimbia. Neno langu la kwanza la Kiswahili alinifundisha yeye, na silo neno la kuandika hapa. Amekiacha tu kwa sababu wewe uliporudi likizo ukaanza kumsahihisha.

Kwa hiyo ndiyo. Alisikia yote, na lile la adabu.

Nilikaa na barua yako siku mbili nikiwa na hasira ya kuja huko kwa miguu. Kisha hasira ikanigeukia. Mimi niliyekuwa nakuogopa, nilivyofurahi haraka! Nilipenda hadithi ile kwa sababu ilinifaa na mimi.

Sijamsomea. Aliniona nimeishika, akauliza karatasi inasemaje. Nikasema unaumwa kichwa. Akasema, "Mwambie anywe maji." Akarudi kwenye kigae chake. Jioni wanawake walikuja tena, na mmoja akamwomba asimulie habari ya kigoda. Akasimulia, Yudith. Yote, mpaka viwiko. Alikuwa ameketi akinitazama mimi muda wote, kana kwamba ananiambia nisithubutu.

Pombe ya sikukuu anaipika. Nilimwambia, "Mama mkubwa, acha, uwele umekwisha." Akasema ameshaahidi. Maneno yake haya hapa:

*Mwambie Yudith pombe itafika siku moja kabla. Mimi siji, magoti yananiuma. Ataileta Hasani. Hasani dini yake haimruhusu kuonja, basi itafika haijaonjwa. Asihangaike. Wazungu hawajali mambo hayo.*

Hapo ndipo maneno yake yanapoishia. Langu ni moja. Jana amepalilia shamba lote la juu, kutoka asubuhi, akiwa ameinama. Magoti hayamuumi.

Yotham

*

Dodoma, 30 Januari 1914

Mama, shikamoo.

Najua kaka Yotham ndiye anayesoma. Kaka, nilitaka uisome barua hii uani, mbele ya wote waliosikia habari ya kigoda, ili wajue mimi ni nani. Nimelala na wazo hilo nikaona ubaya wake. Ingekuwa kumvua mama nguo mara ya pili ili mimi nijisikie mwepesi. Msomee ndani, mlango ukiwa umefungwa. Wakinisifu, waache. Nitalibeba hilo, ni zito kuliko matusi.

Mama, nilisema sikujui. Nilisema huna adabu. Nilijua unachofanya na ile kata, hakuna mtu Dodoma nzima aliyejua zaidi yangu, na nilinyamaza. Siwezi kukuambia kwamba nilipitiwa. Nilikuwa macho.

Pombe ilifika salama. Hasani alibeba chungu kama mtu aliyebeba mtoto wa watu, na alipokitua alisema, "Mama yako ameniagiza kwamba hakijaonjwa. Amerudia mara mbili." Akaenda kunawa mikono.

Nusu niliitia kwenye mchuzi. Nilipika kama mara ya kwanza, ila ukwaju niliutia Bibi akiona. Akauliza ni nini, nikamwambia, akaonja, akasema endelea. Nusu nyingine Bibi alitaka wageni wainywe, maana chupa za bia zilikuwa chache. Meza ilikuwa uani chini ya turubai, mbavu ziko juu ya makaa, bwana wa reli na wenzake wanaimba. Padre alikuwepo, amekaa mwisho na glasi ya maji. Bibi akaniambia, "Yudith, wamiminie."

Nikaleta chungu na kata. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kola nyeupe. Nilichuchumaa nalo hivyo hivyo, kwenye vumbi, mbele ya meza. Nikamimina kidogo. Pombe kidogo ikanirukia kwenye kola.

Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Yudith, unafanya nini?"

Nikasema, "Bibi, kwetu pombe hainywewi mpaka aliyeipika aionje, mgeni ajue ni salama. Aliyeipika hakuja. Mimi ni binti yake, naonja badala yake."

Nikanywa. Mama, sikuwa nimeonja pombe tangu nibatizwe. Ilinikwaruza koo, na walikuwa wamenyamaza wote, kwa hiyo nililisikia funda langu mwenyewe.

Bwana mmoja akacheka, akapiga meza, akasema, "Vema, hatufi leo!" Wengine wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa anakumbuka, nilimwona akikumbuka.

"Mama yako ni nani?" akaniuliza.

"Tabu wa Chamwino. Ndiye yule aliyeleta kibuyu. Uliniuliza kama namjua."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Nilidhani atanipiga. Akachukua kata mkononi mwangu, akaishika tu, hakunywa, akaiweka mezani karibu na sahani yake. Ilikaa pale mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo hajanifukuza, na hajasema nami zaidi ya habari za jikoni. Jana alisimama mlangoni kama mtu mwenye neno, kisha akarudi ndani. Sijui alichotaka kusema. Labda ni habari ya yale mate aliyotaka yachemshwe.

Padre hakunitazama tena siku ile. Asubuhi yake nilikwenda kwake kabla hajaniita. Nikamwambia mama yangu hupika pombe, alipika juzijuzi na atapika mwaka ujao, na kwamba nilipohojiwa nilidanganya. Akauliza kama najuta kuinywa. Nikasema najuta mambo mengi, hilo haliko miongoni mwake. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliouma. Alisema mwalimu wa wasichana hawezi kuwa mtu wa namna hii. Nikasema najua. Shule imepewa mwingine, Raheli wa Mlali. Ni msichana mzuri, atafundisha vizuri.

Usidhani sasa nina amani. Nikipita pale penye majani ulipomwaga ile kata, bado nazunguka upande wa pili. Nilisema jina lako mbele ya wageni wenye kelele, siku ambayo hukuwepo. Siku uliyokuwepo sikulisema. Moja haifuti nyingine.

Hasani anakuletea magunia mawili ya uwele, niliupata kwa watu wa Msalato. Urudishe ghalani, chini kabisa, pale ulipokwangua. Mwezi ujao ukiisha narudi nyumbani. Ukiwa tayari kunionyesha kigae, nitakaa nitazame. Usipokuwa tayari, nitapalilia shamba la juu.

Kuna mzigo mwingine. Fundi wa stesheni amenichongea kigoda, cha miguu mitatu kama ulivyosema. Na kwenye jani la mgomba kuna mbavu tatu, nimezikausha kwa moshi zisiharibike njiani. Kile kibuyu chako ulichokiacha mlangoni nimekiosha nikakijaza mchuzi. Upashe moto polepole, upake nyama ikiwa tayari juu ya makaa, ule ukiwa umekaa. Ukila mpaka mafuta yafike viwikoni, hadithi yako itakuwa kweli kuanzia hapo.

Kabla sijaziba kibuyu nilimwita Hasani asimame mbele yangu. Nikamimina kwenye kiganja, nikaonja kwanza. Yeye ni shahidi. Muulize.

Binti yako,
Yudith